Baba, Hata Ukuta wa Wafaransa Umelalia Nje

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenilea nikijua kwamba hakuna jambo linaloanza kabla ya salamu, hata ugomvi. Basi shikamoo, kisha tuendelee.

Nakuandikia kutoka Don Mills, kwenye meza ya jikoni, Jumapili baada ya misa. Mjukuu wako Deo bado amelala, na sasa hivi ni saa saba mchana. Ana miaka kumi na sita na miguu imeshazidi kitanda. Wiki iliyopita mimi na yeye tulikuwa kwenye kile kijiji cha kilimani kule Ufaransa, kile tulichokwenda mimi na wewe mwaka 2011, chenye kanisa la mahujaji la enzi za kale. Nimerudi na furaha, lakini kabla sijakugawia itabidi unisamehe kitu kimoja. Nimesema lile ulilonikataza kusema. Na kwa kuwa limeshatoka mdomoni, nakuandikia waziwazi. Anayetaka kusoma asome.

Nianzie mbali kidogo, maana nimekumiss na sina haraka.

Unakumbuka ulivyofika Toronto? Mama alikuwa hajamaliza mwaka tangu tumzike, nami nilikulilia kwenye simu mpaka ukakubali kuja kukaa nasi miezi mitatu. Ulitoka mlangoni pale uwanja wa ndege umevaa koti la harusi ya kaka, ukanisimulia kilichokuchelewesha. Walifungua begi lako wakakuta timazi, kile kipande chako cha shaba chenye uzi mrefu ambacho fundi hukitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Ofisa akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Kiingereza huna, yeye Kiswahili hana, basi ukaining'iniza pembeni ya meza yake ili kumwonyesha kazi yake. Meza ikaonekana imekwenda upande. Wakakupisha. Mpaka leo sijui kama walielewa au walichoka.

"Baba, timazi ya nini tena huku?" nilikuuliza ndani ya gari.

"Wewe unasafiri bila simu?" ukanijibu.

Miezi ile ulipata kazi isiyo na mshahara. Kila asubuhi ulishuka kwa lifti, ukatembea hadi Wynford Drive walikokuwa wanajenga lile jengo kubwa la ibada na lile la makumbusho, ukasimama kwenye uzio ukikagua. Jioni ilikuwa lazima nisikilize taarifa. Leo wamemwaga zege. Leo wamechelewa. Leo yule Mreno amepanga mawe vizuri. Siku moja ulirudi na kofia ngumu ya njano kichwani, zawadi ya Mreno huyo, ukaingia nayo mezani. Deo alikuwa na miaka kumi, akakuuliza kwa Kiingereza kama sasa umeajiriwa. Ukamjibu kwa Kiswahili kwamba wewe ndiye bosi wao, ila wao hawajajua. Mlielewana hivyo hivyo, kila mtu na lugha yake, na mimi nikipita katikati na sahani.

Halafu kikundi chetu cha Wakatoliki wa Kiswahili kikaandaa hija ya Ufaransa. Tulikuwa watu ishirini na kitu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, hata wazee wa Kigoa wanaoishi Pickering ambao walizaliwa Moshi na wanajua matusi ya Kichaga kuliko mimi. Nilikulipia na nikakudanganya kwamba parokia ndiyo imelipa. Ulijua nadanganya, ukanyamaza. Hilo nalo nakushukuru.

Basi lilituacha chini ya kilima, maana magari makubwa hayapandi. Kijiji chenyewe ni njia moja tu ya mawe, imebanwa na nyumba kuukuu pande zote mbili, inapanda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa kanisa. Wenzetu wa Toronto waliozoea lifti walianza kuhema kabla hatujafika kwenye duka la asali. Wewe, na miaka yako sabini na moja na fimbo yako, ulipanda kama unakwenda kukata majani ya ng'ombe. Ulifika juu ukageuka, ukatuangalia tunavyojikokota.

"Hawa ndio mahujaji?" ukasema. "Yesu angewasubiri mpaka lini?"

Kanisa lenyewe lilikunyamazisha. Nilikuwa nakutazama usoni, sikutazama kanisa. Ulivua kofia, ukachovya kidole kwenye maji ya baraka, kisha ukasimama tu pale nyuma. Matao ya nusu duara yalikuwa yamepangana mbele yetu mpaka altareni, jiwe jeupe moja na jiwe la hudhurungi moja kwa kupokezana, kuta nene, madirisha madogo ya juu, na mwanga ukianguka sakafuni. Karne ya kumi na mbili, alisema kiongozi wetu. Watu wametembea kwa miguu kutoka nchi za mbali kuja kupiga magoti pale. Ulikwenda kwenye ukuta ukaweka kiganja chako, ukakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Juu ya nguzo moja wamechonga mtu anayemimina nafaka, na wa pili amekinga gunia. Ulilichunguza gunia hilo.

"Huyu wa pili ni Mpare," ukaninong'oneza. "Angalia alivyolishika, hata chembe haidondoki."

Nilicheka kanisani, nikaangaliwa vibaya.

Nilipomaliza kuwasha mshumaa wa Mama nikageuka, hukuwepo. Nikakuta umejificha upande wa kushoto nyuma ya nguzo. Ulikuwa umefunga uzi wa timazi kwenye ncha ya fimbo, umeinua fimbo juu kabisa, umeiegemeza ukutani, na kile kipande cha shaba kinaning'inia karibu na viatu vyako. Ulikuwa unapima kwa vidole nafasi kati ya uzi na ukuta.

"Baba!"

"Subiri. Juu vidole vinne." Ukainama taratibu. "Chini vitatu. Mwanangu, ukuta huu umelalia nje."

Sikupata nafasi ya kukujibu, kwani mama mwenye funguo za kanisa alishafika, mzee mwembamba mwenye miwani kifuani, anafoka kwa Kifaransa. Mama Beatrisi wetu kutoka Bukavu akaja mbio kutuokoa.

"Papa, ule mama anauliza unafanya nini na kamba pa ukuta ya kanisa. Anauliza weye ni nani."

"Mwambie mimi ni fundi mwashi. Mwambie pia ukuta wake umelala, pengine hajui."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama Beatrisi akatafsiri, tena sidhani kama alipunguza kitu. Yule mama akakutazama, akaitazama timazi, akaanza kucheka mpaka miwani ikarukaruka. Akakushika mkono akakutoa nje, mimi na Mama Beatrisi nyuma. Akatuonyesha nguzo kubwa za mawe zilizoegemezwa kwenye kuta kwa nje, akaeleza. Waliojenga waliweka dari la mawe zito kuliko kuta zilivyoweza kubeba, nazo kuta zikaanza kusukumwa nje. Waliokuja baadaye wakaziwekea mihimili ili zisiende zaidi. Na hivyo ndivyo zilivyokaa miaka mamia kwa mamia, zimelala na hazijaanguka.

Nilijua mara moja ulichokuwa unafikiria. Mtoto yeyote wa kigango chetu kule Rombo angejua.

Maana na sisi tuna kanisa ulilolijenga wewe, kwa mawe ya mtoni, wakati mimi niko darasa la pili. Ukuta wake wa mashariki ulianza kulalia nje mwaka uleule liliposimama, nawe ukaupachika nguzo tatu za mawe kwa nje. Watu wakaliita kanisa la magongo. Walevi wa kilabuni walikuwa wakisema limekunywa mbege. Wewe ulijibu siku zote kwamba ni mvua, masika yale yalilainisha udongo. Na kila Jumapili ulitukalisha kwenye benchi la upande uleule, chini kabisa ya ukuta, sisi watoto wanne na Mama, ili mtu asiseme fundi anaogopa kazi yake. Nilikariri nyufa zote nikiwa mdogo. Mahubiri sikuyakariri.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya lile kanisa la Wafaransa, bonde lote la mizabibu likiwa chini yetu. Mama Beatrisi alishaondoka na yule mama, wanapiga soga. Ulikuwa bado unatabasamu. "Hata wao waliweka magongo," ulisema, ukarudia mara mbili tatu. Halafu ukasema, bila kunitazama:

"Haikuwa mvua."

Ukanieleza. Lenta, ule mkanda wa zege unaozifunga kuta zote kwa juu kabla ya paa, ilikuwa mbichi. Saruji mliipata kwa shida kipindi kile, ikaja imechelewa, na Askofu alikuwa ameshatangaza siku ya kuja kubariki. Ulijua zege linataka wiki nne. Mliezeka siku ya sita. Uzito wa paa ukaipinda lenta ikiwa haijashika, na lenta ikausukuma ukuta nje.

"Nilikuwa na mdomo, ningeweza kukataa," ulisema. "Sikukataa. Usimwambie mtu."

Miaka thelathini ulikuwa umelibeba hilo, Baba. Hata Mama hukumwambia. Nikakuahidi. Tukanunua asali tukarudi kwenye basi, na njiani ulilala usingizi mzito, kinywa wazi.

Ulipofariki, mwaka 2014, nilikuja. Misa yako ilikuwa palepale, kanisa limejaa hadi nje, na mimi nilikaa chini ya ukuta wako. Nilijisikia fahari, siwezi kukudanganya. Fundi aliyelijenga ndiye aliyelala mbele ya altare yake, na kila aliyesimama kukusema alikusema vizuri.

Sasa nisikilize. Mwanzoni mwa mwaka huu alinipigia Aloisi, yule aliyekuwa kijana wa kuchanganya zege wakati ule. Siku hizi ana mvi na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kigango chetu kinapandishwa kuwa parokia. Kanisa lako halitoshi, na injinia wa jimbo amekagua akasema ukuta ule usiongezewe kitu, ni kuvunja na kujenga upya. Aloisi alizungumza kwa adabu sana. Alisema kamati imekubaliana kwamba hakuna atakayegusa jiwe la Mzee mpaka binti yake mkubwa aseme neno.

Neno halikutoka. Nilisema nitafikiria. Alipopiga tena nikasema kazini kumebanana, na kweli ofisini kwetu kumebanana, lakini kumebanana tangu 2003. Mara ya tatu nikasingizia tofauti ya saa. Miezi mitano, Baba. Mkweo, mume wangu, akaniuliza kulikoni, kanisa jipya ni jambo jema. Sikuweza kumwambia kwamba wakiufungua ule ukuta wataikuta lenta imepinda kama ndizi, na fundi yeyote mwenye macho atajua ilibebeshwa mzigo ikiwa mbichi. Watasema Mzee alituambia uongo. Watasema hivyo na wewe huwezi kujibu. Jina lako ndilo nililokuwa nalilinda, na nililinda kwa kukaa kimya kama mjinga.

Ndipo nikaamua kurudi kule kilimani uliponipa siri ile, labda ningepata neno. Nilimwambia Deo ni likizo. Alitaka Paris, nikamwahidi Paris siku mbili, akakubali kwa manung'uniko.

Njia ya mawe ni ileile. Duka la asali lipo, limepakwa rangi. Safari hii mimi ndiye niliyehema, nikasimama mara tatu nikijifanya natazama maua, Deo ameshafika juu na vipokea sauti masikioni. Yule mama wa funguo hayupo tena, nilimwuliza kijana aliyekuwa mlangoni, akanyoosha kidole kuelekea makaburini, nyuma ya kanisa. Nilikwenda nikamwekea mshumaa kwa niaba yako. Mpare wako bado yuko juu ya nguzo na gunia lake. Nilimwonyesha Deo, nikamsimulia, akacheka kweli, si kwa heshima.

Kisha akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, karibu na pale ulipoinua fimbo yako. Sijui kama ubao huo ulikuwepo wakati wetu. Pengine ulikuwepo, tukaupita. Umeandikwa kwa lugha nne, na Deo akanisomea ya Kiingereza, akinigeuzia maneno magumu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Unasema kuta hizi zimeinama kwa sababu waliojenga walikosea kukadiria uzito wa dari. Unasema sehemu fulani ya dari iliwahi kubomolewa ikajengwa upya, na mawe mengi tunayoyaona si yale ya mwanzo. Umebandikwa hapohapo ukutani, kila hujaji anaupita, na mbele yake kulikuwa na bibi amepiga magoti anasali rozari yake bila wasiwasi.

"So they just say it?" Deo akaniuliza. "Wanasema tu, hivihivi?"

Nikashindwa kujizuia. Nilimpeleka kwenye ule ukuta mfupi wa nyuma, nikamwambia yote. Ndiyo, Baba. Ahadi yangu niliivunja palepale ulipoichukua. Nililia na yeye akawa hajui aweke wapi mikono yake. Mwishowe akaniwekea mmoja begani.

"Mama, call them," alisema. "Babu alikuwa na timazi. He'd want it straight."

Nipige simu, mambo yanyooke, kama ambavyo ungetaka wewe: hayo ndiyo maneno aliyoyachagua mtoto anayejibu Kiingereza siku zote. Sikujua kama nimpige au nimbusu. Nilimbusu, akajifuta.

Nilimpigia Aloisi kutoka kule juu, kabla sijaogopa. Nilimsalimia, nikauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, mpaka nikakosa cha kuuliza. Kisha nikasema. Nikamwambia kwamba mtakapovunja mtaikuta lenta imepinda, na haikuwa mvua, Baba aliezeka zege likiwa bichi, na alijua, na kama kuna wa kulaumiwa basi mnilaumu mimi niliyekuwa najua tangu 2011.



"Dada," Aloisi akasema, "lile zege nililichanganya mimi. Ningeachaje kujua kwamba lilikuwa bichi?"

Nikamwomba arudie.

"Wote tunajua. Wazee wote walijua. Siku ile tulikusanyika pale uwanjani, baba yako akasema hapana, zege halijashika, tusubiri. Akasema mara tatu. Tukampigia kelele. Tukamwambia anataka kutuaibisha mbele ya Askofu. Mzee mmoja akamwambia kama anaogopa abaki chini, wengine watapanda. Ndipo akapanda. Kisha ukuta ukaenda, akasema ni mvua. Hakumtaja mtu hata mmoja. Sasa sisi tungesema nini? Tukasema ni mvua."

Baba. Hukuniambia kwamba ulikataa. Uliniambia kwamba hukukataa.

Aloisi akaendelea. Alisema zile simu zake hazikuwa za kuomba ruhusa tu, alikuwa anatafuta pa kuanzia na mimi nilikuwa namkimbia. Wiki moja kabla ya simu yangu, wale wazee waliobaki wa siku ile, wako sita tu, walishuka kihambani kwetu, kwenye shamba letu la migomba, mpaka kaburini kwako. Walikupelekea sale, lile jani letu ambalo mtu akija nalo kuomba radhi hatimuliwi. Walilipanda udongoni upande wa kichwa, mmoja baada ya mwingine akasema jina lake na alichokuambia siku ile. Mzee yule wa "kama unaogopa baki chini" ana miaka tisini, alibebwa kwenye kiti.

Kwa hiyo nimewapa neno, Baba. Nimesema wavunje. Mawe yako yatatumika kwenye msingi wa kanisa jipya, Aloisi ameahidi, na mimi na Deo tutakuja Desemba kuyabeba machache wenyewe. Deo ameniuliza kama kofia yako ya njano itamtosha. Na kamati imeandika kwenye kumbukumbu zake, kwa herufi kubwa, kwamba lenta itakaa wiki nne kamili kabla ya bati la kwanza. Askofu akija mapema atasali chini ya turubai.

Nina furaha, Baba, na nilitaka uipate leo hii, isilale. Ulibeba kosa la wote kama lako peke yako miaka yote ile, nao walikuwa wanakaa mabenchi ya nyuma yako kila Jumapili, wanajua, wamekosa pa kuanzia kukuomba radhi.

Pumzika sasa. Wazee wako sita wanakusalimu, na safari hii wamesema wenyewe kwamba haikuwa mvua.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Mama Deo